Msimbo wa Kuhamisha Domeni Haurushwi Kwenye Grupu

Juzi mama mmoja anayekaanga na kuuza kahawa Mbale alinipigia simu ofisini Kampala. Alikuwa anahamishia kwetu, sisi wasajili wa majina ya mtandaoni, domeni yake ya .com, yaani jina la tovuti yake. "Mwanangu, wameshanipa ule msimbo. Nimeuweka kwenye grupu, uchukue huko." Msimbo huo ni kama nywila: ndio unaoruhusu domeni ihame kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Grupu lenyewe ni la WhatsApp, la chama chao cha wakulima, watu 43. Nilipofungua nikakuta msimbo wenyewe ni jina la biashara yake, halafu 2019. Basi. Hata kama asingeutuma popote, yeyote anayeijua kahawa yake angeubahatisha.

Wateja wengi hudhani msajili wa zamani na msajili mpya huzungumza wao kwa wao. Hapana. Kila mmoja wetu huzungumza na daftari kuu la domeni, ambalo kwa .com linashikwa na kampuni ya Verisign, kwa itifaki (lugha ya mashine kwa mashine) iitwayo EPP. Mazungumzo hayo hupita ndani ya TLS, usimbaji unaozuia yasisomwe njiani, na pande zote mbili huonyesha vyeti vyao kabla ya neno lolote kusemwa. Njia hiyo ni imara. Mimi binafsi sijawahi kuona domeni ikiibiwa hapo.

Panapovuja ni pale ambapo hakuna mashine: msimbo unatoka kwa msajili wa zamani, unapita mkononi mwa mteja, ndipo unanifikia. Daftari haliulizi aliyeuleta ni nani. Ukilingana na ule lililo nao, na kufuli ya uhamisho, ile inayozuia domeni isihame, ikiwa wazi, ombi linapokelewa. Msajili wa zamani ana siku 5 za kukataa. Akinyamaza, domeni inahama.

Zamani ilitubidi pia kumwandikia mwenye domeni baruapepe athibitishe. Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, anwani nyingi zikafichwa, na hatua ile ikakosa pa kushika. Mzigo ukauangukia msimbo. (Nazungumzia .com, .org na wenzao. Domeni za .ug zina daftari lake na taratibu zake.)

Ndiyo maana naupigia debe RFC 9154, waraka wa kiufundi wa viwango vya intaneti, uliotoka Desemba 2021. Unataka domeni ikae bila msimbo wowote siku zote. Mwenyewe akiomba kuhama, ndipo msajili autengeneze, wa nasibu kabisa, usioweza kubahatishwa, wenye nguvu ya biti 128; ukitumia herufi, tarakimu na alama za kibodi, hiyo ni kama herufi 20. Daftari halihifadhi msimbo wenyewe, linahifadhi uliokwisha kusagwa: unga huo haurudi kuwa mahindi, hata mwizi akilibeba daftari zima. Msajili anauwekea muda wa kufa, na uhamisho ukikamilika unafutwa.

Mwenye kuona haya ni makuu akumbuke Panix, kampuni ya intaneti ya New York. Januari 2005, mwishoni mwa wiki, domeni yake ilihamishwa bila idhini yake, na barua za wateja zikaelekezwa kwingine wakati ofisi za kuokoa zimefungwa. Leo wasajili wanatakiwa kuwa na mtu wa dharura ambaye msajili mwenzake akimwita, anajibu ndani ya saa 4. Ni msaada mkubwa, ila wakati huo domeni imekwisha kuondoka.

Kwa mama wa Mbale nilianza na kufuli. "Mama, ifunge sasa hivi, kabla hatujakata simu." Akaifunga. Kisha nikamwomba adai msimbo mpya kwa msajili wake, nao ukaja mwingine, mrefu, usiosomeka. Safari hii hakumtumia mtu yeyote, hata mimi. Aliifungua kufuli, akauandika mwenyewe kwenye ukurasa wetu, na mfumo wetu hauuachi kwenye kumbukumbu zake.

Domeni iliingia siku ya 5. Kabla sijampigia kumjulisha, nilirudisha kufuli.