Reli ya mfano kwenye nafasi ndogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bila chumba kizima huwezi kuwa na reli ya mfano." Maneno haya yamewakatisha tamaa wengi kabla hawajashika hata kipande kimoja cha reli. Anayesema hivyo anafikiria treni ya kuzunguka duara, na duara kweli linakula nafasi. Kwa kipimo cha HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87, hata mzunguko mdogo wa kawaida unataka meza yenye upana wa karibu mita 1. Lakini nani kasema treni lazima izunguke? Kwenye yadi ya mizigo kazi kubwa ni kupanga mabehewa: hili liende ghalani, lile litoke kiwandani, la tatu lisubiri. Kichwa cha treni kinakwenda mbele na kurudi nyuma, taratibu. Kwa kazi hiyo rafu ya ukutani inatosha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Inglenook Sidings, wa Mwingereza Alan Wright. Una pointi mbili tu, yaani mahali reli inapogawanyika, na njia tatu. Njia ndefu inachukua mabehewa 5, nyingine mbili matatu matatu, na kipande cha kuvutia, yaani reli ambako kichwa huyavuta mabehewa kabla ya kuyasukuma kwenye njia nyingine, kinatosha kichwa na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8. Unaandika namba zake kwenye vikaratasi, unavichanganya, unachomoa vitano. Hiyo ndiyo treni unayotakiwa kuiunga, kwa mfuatano uleule.

Wapo wanaodai mchezo huo utakuchosha baada ya wiki moja. Piga hesabu: kuchomoa vitano kati ya vinane kwa mpangilio kunatoa treni 6,720 tofauti.

Pointi nyingi ndiyo raha? Hapana. Pointi moja ya HO inakula kama sm 20, na mfano wa behewa la futi 40 una urefu wa sm 14. Ukiongeza pointi mbili, umejinyima nafasi ya karibu mabehewa matatu. Wengine huiga Timesaver ya Mmarekani John Allen, iliyochapishwa mwaka 1972, yenye pointi tano, wakiamini ni picha ya yadi halisi. Allen aliibuni iwe mchezo wa kushindana na saa, na ugumu wake ni wa makusudi. Wajenzi wa reli za kweli wanataka kazi iwe nyepesi.

Dhana iliyonigharimu mimi ni kwamba kipande cha kuvutia kikipungua kidogo si neno. Changu kilipungua sm 2. Kila nilipovuta mabehewa matatu, magurudumu ya nyuma ya behewa la mwisho yalibaki juu ya ndimi za pointi, yaani vile vipande vya reli vinavyosogea kubadili njia. Ndimi hazigeuki behewa likiwa juu yake, kwa hiyo mchezo mzima ukakwama, ikabidi ning'oe reli iliyokwisha gundishwa.

Siku hizi sipimi behewa mojamoja, kwa sababu viungio navyo vina urefu wake. Natandika karatasi juu ya ubao, naweka kichwa na mabehewa matatu yakiwa yameungana, nayasogeza mpaka gurudumu la mwisho lipite ncha za ndimi, naongeza upana wa kidole, ndipo napiga alama ya penseli.