Maji ya mvua hayana bosi mmoja
Miaka nenda miaka rudi watu wanasema maji yakituama barabarani basi mamlaka ya maji imelala, kana kwamba kuna ofisi moja inayomiliki kila tone linaloanguka, na sio kweli hata kidogo. Fuata tu hilo tone. Likiwa juu ya paa lako ni lako, likishuka kwenye mtaro wa barabara ni la wenye barabara, likiingia kijito cha mtaani mara nyingi ni la halmashauri, alafu likifika mto mkubwa linakuwa la chombo cha mkoa au cha bonde zima, yaani eneo lote ambalo maji yake yanaishia kwenye mto huo. Kule England sheria ya mafuriko ya 2010 iligawa karibu hivyohivyo, halmashauri zinabeba mafuriko ya maji ya juu ya ardhi na vijito, Environment Agency, yaani wakala wa serikali wa mazingira, inashika mito mikuu na mafuriko ya bahari. Kwanini bonde? Mto haujui mpaka wa wilaya, wa juu wakisakafia viwanja vyao kwa zege, wa chini ndo wanaolowa magodoro, na hili linaniuma sana. Kwahiyo ukiona kalavati limeziba taka, angalia kwanza barabara iliyo juu yake ni ya nani, hao ndo wa kupigiwa simu.