Kwa nini gari la Tsavo huondoka Mombasa kabla ya adhana?

Mgeni aliyekuja Nyali au Bamburi kupumzika huambiwa neno moja linalomkera: kesho gari la kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki litakuwa mlangoni saa kumi na nusu alfajiri. Yeye ana hesabu yake. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na geti la mbuga la Bachuma liko karibu zaidi, kama kilomita 100 tu. Gari amelikodi peke yake na pesa katoa yeye. Basi kwa nini asiamke saa moja, akanywa chai yake taratibu, akafika huko saa nne?

Hakuna wa kumzuia. Ila saa nne atakuta nyika imenyamaza.

Simba huweza kulala au kujilaza hadi saa 20 kwa siku. Kazi yake kubwa ni ya usiku, na alfajiri ndipo anapomalizia. Mapema hivyo utamkuta bado anatembea katikati ya barabara ya vumbi, maana vumbi halijapata moto, au yuko kando ya windo lake akiramba miguu. Jua likishapanda hujitupa chini ya kichaka, na rangi yake na ya majani makavu ni moja. Madume mengi ya Tsavo hata yale manyoya marefu ya shingoni hayana, au yanayo machache, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Unaweza kumpita hatua kumi na usimwone. Dereva naye husoma nyayo asubuhi, kabla magari mengine hayajazikanyaga na upepo haujazifuta.

Ndovu ndio wenye saa yao wenyewe. Ndovu hatoki jasho la kumpoza kama sisi. Hupepea masikio yaliyojaa mishipa ya damu ili joto limtoke, na hujimwagia udongo umkinge na jua na wadudu. Udongo wa huko una chuma kingi, ndiyo sababu ndovu wa Tsavo ni wekundu kama matofali. Mchana joto huwasukuma majini, na hapo penye bwawa la Aruba, lililochimbwa mwaka 1952, saa sita si saa mbaya hata kidogo. Dereva anayejua kazi huipanga siku hivyo: asubuhi simba na duma, mchana ndovu. Aliyechelewa amebakiwa na nusu ya pili tu, na mara nyingi huondoka akisema mbuga haina simba.

Halafu kuna geti lenyewe. Hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ndani hutakiwi kupita kilomita 40 kwa saa. Mbuga ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Lebanon. Ukiingia saa nne umeshaitupa theluthi ya siku uliyoilipia.

Njia nayo ina mambo yake. Ni barabara hii hii inayobeba mizigo ya bandari kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Jua likishatoka, malori hujazana Changamwe na Miritini, na pale Mariakani, kwenye mizani ya kupimia malori, foleni si ya kusimuliwa. Mbele yake, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, unafuata mkia wa trela huku dereva akichungulia nafasi ya kupita. Gari la abiria kisheria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo muda uliopotea Miritini haufidiwi huko mbele Maungu. Wanaotoka Diani walikuwa na mtihani wa ziada, feri ya Likoni, lakini barabara ya Dongo Kundu, inayoikwepa feri, imewapunguzia.

Hapa ndipo gari la peke yako linapolipa gharama yake, si kwenye viti vipana. Gari la kuchangia hupita hoteli baada ya hoteli kuanzia Shanzu hadi Nyali, na kila mlango hakukosi mmoja aliyesahau kofia chumbani. Kabla halijavuka Makupa limeshakula saa nzima. Wewe mwenye gari lako unatoka moja kwa moja, kifungua kinywa chako kikiwa kwenye boksi, na boksi hilo unalifungulia getini huku dereva akishughulikia tiketi.

Ila uhuru huo una mtego. Mwenye gari lake hutamani kila kitu: maporomoko ya Lugard kwenye mto Galana, kisha chemchemi za Mzima upande wa Tsavo Magharibi, kisha arudi kuogelea. Mzima ni pazuri, na maji yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Huenda uliyaoga asubuhi hiyo hiyo. Lakini kuziunga mbuga mbili katika siku moja ni kuangalia lami tu. Chagua kona moja ya Mashariki, Voi hadi Aruba inatosha, na ukae.

Kurudi pia kuna saa yake. Madereva wengi huanza kutazama saa kuanzia saa tisa, kwa sababu giza huku huingia haraka, na njia ya malori usiku haina huruma. Njiani, Mackinnon Road, wapo wanaosimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, yule mfanyakazi wa reli ambaye hadithi husema karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Wenye magari huacha sadaka hapo, Waislamu na wasio Waislamu, wakiomba kufika salama. Mgeni wa nyuma huwa haoni lolote. Kuanzia Bachuma kalala, mdomo wazi, nywele nyekundu kama za ndovu.