Asabia: kwa nini kabila la rais wa zamani wa Yemen halikuja alipoliita

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi ya Kiislamu amelisikia neno asaba: ndugu wa upande wa kiumeni, wanaochukua kinachobaki baada ya wenye mafungu kupewa chao. Mzizi huohuo wa Kiarabu umezaa asabia, na ndiko lilikotoka neno letu taasubi. Mzizi wenyewe unahusu kufunga, kukaza kitu kwa kitambaa au kamba. Asabia ni ile kamba inayowashikanisha watu hata mmoja wao akiguswa wote wanainuka.

Aliyelipa neno hili uzito ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis wa mwaka 1332. Kabla yake lilitajwa zaidi kama aibu, upendeleo wa kijahilia ambao Uislamu uliukataza. Yeye alilitumia kueleza dola zinavyozaliwa na kufa. Kundi dogo lililoshikamana hutoka nyikani au milimani, likawapindua waliolegea mjini, likakaa kwenye kiti. Likishashiba, mtawala huanza kuwaogopa ndugu zake waliompandisha. Huwaweka kando, akaleta watu wa mshahara. Ibn Khaldun aliipa nasaba ya watawala vizazi vitatu, kama miaka 120.

Mfano ninaouona uko wazi kuliko yote ni Yemen, ila kwanza tuliondoe neno linalotupoteza. Kwetu kabila ni watu wenye lugha yao. Msukuma na Mmakonde kila mmoja ana ya kwake. Yemen karibu wote ni Waarabu na wanasema Kiarabu. Kabila lao linafanana zaidi na ukoo mpana wenye ardhi yake, mipaka yake na jina la babu mmoja, awe alikuwapo kweli au alisimuliwa tu. Koo hizo hujumuika katika miungano, na kwenye nyanda za juu za kaskazini miungano mikubwa ni miwili, Hashid na Bakil. Bakil ina watu wengi zaidi. Lakini kwa miaka mingi Hashid ndiyo iliyokuwa na sauti, kwa sababu ilikuwa na shekhe mkuu mmoja ambaye wengi walimkubali, wakati Bakil kila upande ulikuwa na wa kwake.

Shekhe huyo naye si mwanachuoni kama tunavyolitumia neno hilo huku. Ni mkubwa wa kabila, na kazi yake ya kila siku ni kusuluhisha. Tuseme mtu wa ukoo mmoja amemuua wa ukoo mwingine kwa ugomvi wa kisima. Kabla maneno hayajaanza, kila upande unamkabidhi msuluhishi bunduki kadhaa au majambia, viwe rehani kwamba hukumu itakubaliwa. Jambia la mwanamume wa huko halivuliwi kiunoni ovyo. Kumpa mtu alishike ni kumpa heshima yako aishike. Upande wa mkosaji huleta fahali na kumchinja mbele ya waliokosewa, kuomba radhi. Kisha ndipo watu wanazungumza, pengine siku kadhaa.

Shekhe hana jela wala askari wa kumtekelezea hukumu. Akipendelea, akihukumu vibaya mara mbili tatu, hakuna anayempindua. Watu wanaacha tu kumpelekea kesi zao, wanakwenda kwa binamu yake. Jina la ushekhe analo, wa kumsikiliza hana. Kwa hiyo anayedhani mkubwa wa kabila hupuliza baragumu watu elfu kumi wakashika bunduki, hajaelewa. Kuna mwito wa kukusanya kabila kwa vita, unaitwa nakaf, lakini walioitwa hupima kwanza: nani ameonewa, nani anaita, na mwaka jana sisi tulipokuwa na shida alikuwa wapi.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika vita vya 1962 hadi 1970. Wanajeshi walipompindua Imamu Muhammad al-Badr, aliyekuwa mtawala wa nchi, na kutangaza jamhuri, Misri ilileta makumi ya maelfu ya askari kuisaidia, na Saudi Arabia ikamwaga silaha na dhahabu kwa upande wa Imamu. Shekhe Abdullah bin Hussein al-Ahmar wa Hashid alisimama na jamhuri. Hakuwa amesoma vitabu vya jamhuri. Baba yake na kaka yake walikuwa wameuawa kwa amri ya Imamu aliyetangulia, miaka michache tu nyuma. Wengine walichukua dhahabu huku na bunduki kule, ndiyo maana ukabaki msemo kwamba kulikuwa na watu wa jamhuri mchana na wa Imamu usiku. Husemwa kwa dharau, nami siipendi dharau hiyo. Vita vya wakubwa hupita. Jirani yako wa bondeni atabaki palepale, na yeye ndiye uliyeahidiana naye.

Ali Abdullah Saleh aliyajua haya kuliko wengi. Alishika urais wa Yemen Kaskazini mwaka 1978, mtu wa Sanhan, kabila dogo ndani ya Hashid. Hakuwa shekhe wala mtoto wa shekhe. Alitawala kwa kugawa: posho kwa mashekhe kupitia idara ya mambo ya makabila, vyeo jeshini, mikataba ya biashara. Abdullah al-Ahmar akawa spika wa bunge kuanzia 1993, akafia kwenye kiti hicho Desemba 2007.

Kamba ililegea kama alivyoeleza Ibn Khaldun, tena mapema zaidi. Saleh alimpa mwanawe Ahmed kikosi cha Walinzi wa Jamhuri, wapwa na ndugu wa karibu wakapewa vikosi vya usalama na jeshi la anga, na kila mtu akaona urithi unaandaliwa. Machi 2011, waandamanaji walipopigwa risasi Sana'a, mji mkuu, Jenerali Ali Mohsen, mtu wa Sanhan kama yeye, aliyekuwa naye tangu mwanzo, akamwacha. Mei, wana wa marehemu Shekhe Abdullah al-Ahmar walikuwa wanapigana na majeshi ya Saleh katika mtaa wa Hasaba, ndani ya jiji hilo. Mwaka uliofuata akaachia urais.

Kisha akafanya jambo la ajabu: akaungana na Wahouthi, waasi wa kaskazini aliopigana nao mara sita kati ya 2004 na 2010. Viongozi wao ni masayyid, ukoo wa Mtume, na kwa desturi sayyid yuko nje ya makabila. Ndiyo maana zamani aliweza kuyasuluhisha. Mwanzoni mwa 2014 walipolivamia eneo la Hashid, hawakukuta ukuta. Koo kadhaa zilikuwa zimechoshwa na wana wa al-Ahmar, waliokuwa matajiri wa mjini na wageni kijijini, zikakubaliana na Wahouthi kivyake. Nyumba ya ukoo huo ikalipuliwa. Septemba, Sana'a ikaanguka.

Tarehe 2 Desemba 2017 Saleh aligeuka tena, akawataka Wayemeni wainuke dhidi ya Wahouthi. Makabila yanayouzunguka mji, ambayo yangeweza kuzifunga barabara zote, mengi yalikaa nyumbani. Wazee wao walikuwa wamekwisha kuahidiana na upande wa pili, au walikuwa bado wanahesabu nani alipewa nini katika miaka ile 33. Siku mbili baadaye Wahouthi walimuua.