Je, wajua? Kiongozi aliye-"step down" hajashushwa cheo

Kwenye mkutano wa chama chetu cha akiba hapa Umoja, niliwahi kuombwa niwasomee wenzangu barua ya Kiingereza. Mwenyekiti wetu "has stepped down." Nikatafsiri: ameshushwa cheo. Mama mmoja akashtuka, "Kwani amekosa nini?" Hakuwa amekosa lolote. Aliondoka kwa hiari yake, nami nikampaka matope mbele ya watu.

Nilipotoshwa na transfoma. Neno "step down" nililipata kwanza kwenye somo la fizikia: transfoma ya mtaani hupokea umeme wa volti 11,000, ikaupunguza hadi volti 240 zinazoingia nyumbani. Umeme haujishushi, hushushwa. Nikadhani kiongozi naye ni vivyo hivyo.

Kiswahili huiweka tofauti hii mkiani mwa kitenzi. Panda matatu uone: abiria aliyefika kwake hushuka, asiye na nauli hushushwa. Mlango ni ule ule, ngazi ni zile zile, na wote wawili wanaishia barabarani, ila hakuna anayewachanganya, kwa sababu ya silabi moja tu. "Step down" haina mkia huo. Inabidi utazame kinachofuata. Kikitajwa kitu, kama volti, basi kinashushwa. Kisipotajwa, na anayezungumziwa ni kiongozi, ameshuka mwenyewe: amejiuzulu, ameng'atuka. Kumshusha mtu cheo kuna neno lake, "demote".

Lakini kushuka mwenyewe si lazima kuwe kwa kupenda. Magazeti humwandikia hivyo hivyo hata aliyebanwa mpaka akaachia ngazi. Kitenzi kinaonyesha aliyeinua mguu, hakionyeshi waliokuwa wakimsukuma.

Tena anaacha cheo kinachotajwa tu, kile kinachofuata "as", kama katika "stepped down as president". Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, ila uenyekiti wa CCM akabaki nao hadi 1990.

Hapa Kenya tuna jirani yake, "step aside", na wengi huyachanganya. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka maafisa waliotajwa katika ripoti ya tume ya kupambana na ufisadi wakae kando ili uchunguzi uendelee. Kukaa kando si kujiuzulu. Abiria huyo hajashuka kwenye gari, amesogea tu apishe wengine wapite, na kiti chake bado kinamsubiri.