Kwaya ya watu watatu: yasemwayo kuhusu A Night at the Opera ya Queen

Kuna mengi yasemwayo kuhusu A Night at the Opera, albamu ya 1975 ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Dhana moja iliyoenea ni kwamba walikodi kwaya kwa ajili ya kile kipande cha opera ndani ya wimbo wa "Bohemian Rhapsody". Hawakukodi mtu. Wameimba watatu tu: Brian May chini, Freddie Mercury katikati, Roger Taylor juu. Ile "Galileo" inayopaa kama filimbi ni ya Taylor, mpiga ngoma. John Deacon wa gitaa la besi hakuimba, ila kwenye video sura yake imo kati ya zile nyuso nne gizani, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Wingi ule umetoka kwenye tepu. Mashine ilikuwa na njia 24 za kurekodia. Waliimba mstari mmoja mara kadhaa, kila mara kwenye njia yake. Kisha sauti hizo zikachanganywa na kuhamishiwa kwenye njia chache, na zile za mwanzo zikabaki huru kwa mstari unaofuata. Mbinu hii ina gharama: kila uhamisho hufifisha sauti kali na kuongeza mvumo, na tepu ikipita mno kwenye vichwa vya mashine hupukutika unga wake wa sumaku. Tepu yao ilichakaa hadi ikapenya mwanga.

Wengine husikia sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti za ala nyingine. Hamna, na jalada la 1975 lenyewe lilitangaza hivyo. Bendi ya jazi kwenye "Good Company" ni gitaa la May, alilolichonga na baba yake, shingo yake ikitokana na mbao za meko ya zamani. Ala za kupuliza za "Seaside Rendezvous" ni midomo ya Mercury na Taylor, na vile vishindo vya viatu vya kuchezea dansi ni kastabini za fundi cherehani walizovaa vidoleni. Kinubi cha "Love of My Life" ni cha kweli, lakini May alikirekodi kodi (noti kadhaa zipigwazo pamoja) moja moja.

Kuna na hili la kwetu: kwamba "Bismillah" iliyomo ndani ya "Bohemian Rhapsody" inathibitisha Mercury alikuwa Mwislamu. Alizaliwa Zanzibar 1946, kweli, lakini kwa wazazi Waparsi wa dini ya Zoroasta. Neno lenyewe mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji kufundishwa. Maana ya mashairi ya wimbo huo Mercury hakuwahi kuifafanua kikamilifu.

Wala albamu si ya Mercury peke yake. "You're My Best Friend" ni ya Deacon. "'39" ameitunga na kuiimba May. Taylor alitunga "I'm in Love with My Car" (nalipenda gari langu), ikawekwa upande wa pili, yaani upande B, wa santuri ya "Bohemian Rhapsody". Kila santuri iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande B sawa na wa upande A, kwa hiyo katika mauzo ya santuri hiyo gari la Taylor lilichuma sawa na opera ya Mercury.