Hakuna “kiti cha CBC”: yafahamike haya kuhusu viti na meza za sekondari msingi

Malalamiko yanayofika katika ofisi za elimu za kaunti ndogo nchini Kenya siku hizi yanafanana. Mzazi wa Gredi ya 7 anatumiwa ujumbe alipe pesa za “kiti cha CBC”, yaani cha mtaala wa umilisi, eti bila hicho mtoto hatasoma Pre-Technical, somo la stadi za ufundi. Kiti cha namna hiyo hakipo. Mtaala unataka mwanafunzi ashike vifaa, aunde, ashirikiane na wenzake. Haumwagizi mzazi anunue kiti chenye magurudumu, seuze mto wa kukalia sakafuni.

Tunachohimiza ni meza zisogee kufuata kazi. Kipindi cha kompyuta, zipangwe kando ya kuta tatu, wanafunzi wakielekea ukutani na skrini zikitazama katikati. Mwalimu akisimama hapo kati anaona kila skrini, na nyaya hubaki ukutani kwenye soketi badala ya kukatiza njia ya watu. Skrini ikae ubavuni mwa dirisha, kwani ikilitazama dirisha mtoto ataona mng'ao tu. Kipindi cha kuchora au kuunganisha kitu, kutanisheni meza, watoto wanne hadi sita wazunguke. Tabuleti moja ikigawanywa na watano, ni heri wasimame kuizunguka meza kuliko kubanana kwenye benchi, ambako wa pembeni huona kisogo cha mwenzake na basi.

Hapo ndipo dawati la zamani, lililoshikana na benchi lake, linaposumbua. Halibadiliki umbo, na kulisogeza ni kazi ya watu wawili. Shule inayopanga kununua samani mpya ichague meza na kiti vilivyoachana, tena vya vimo viwili, kwa sababu watoto wa rika hili hurefuka kwa kupishana. Kiwango cha Ulaya, EN 1729, humpa mtoto mwenye kimo cha sentimita 133 hadi 159 kiti cha kimo cha sentimita 38 na meza ya 64. Wa 146 hadi 176.5 kiti cha 43 na meza ya 71. Asiye na futi ya kupimia atazame nyayo: zikining'inia, kiti ni kirefu.

Kupanga upya hakuongezi nafasi. Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni wa 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, lenye wanafunzi wasiozidi 30 kwa madawati ya mmoja mmoja au 40 kwa ya wawili wawili. Mlango ufunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Meza ya kikundi iliyosukumwa hadi mlangoni ni kosa hata kama somo limenoga, na afisa wa kukagua ubora wa elimu anaruhusiwa na sheria kuingia shuleni bila taarifa.

Sasa pesa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo ya masomo katika shule za umma. Malipo mengine huruhusiwa kwa idhini ya Waziri wa Elimu, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata idhini ikiwepo, mtoto hafukuzwi kwa kutolipa, na anayepokea pesa hana budi kutoa risiti rasmi. Tunarudia: idhini ya Waziri. Mkutano wa wazazi kupiga makofi si idhini, na kundi la WhatsApp si mkutano.

Bodi ya Usimamizi ya shule nayo hununua kwa kufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kifungu cha 54 kinakataza kugawa ununuzi mmoja vipande vipande ili kukwepa utaratibu. Makosa chini ya sheria hiyo yanaweza kumletea mtu faini isiyozidi shilingi milioni 4, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Fundi seremala wa kijijini anaruhusiwa kushindana kama wengine. Kuwa shemeji wa mwanabodi si sifa.

Tunajua walimu wakuu wengi wana nia njema, na wengine wamebeba madarasa yenye watoto wengi kuliko kipimo. Waanze na walichonacho.

Mzazi aliyetozwa amwone kwanza mwalimu mkuu. Asiporidhika, aende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo akiwa na nakala ya ujumbe aliotumiwa, jina la shule, kiasi alicholipa na risiti. Ikiwa alinyimwa risiti, aseme hivyo, maana hilo ni lalamiko lingine kamili.